Nilisema Kwetu Hatuvuki Bahari

Mimi ndiye niliyeandika ile barua.

Si babu. Babu yangu hajui hata kushika kalamu. Ni mimi niliyeiandika, na dole gumba lile lililopigwa chini yake ni langu. Wino niliutoa kwenye biki niliyoitafuna kwa meno. Ulitoka kidoleni siku ileile, lakini mimi bado nauona!

Naomba jina langu lisiwekwe. Niko kidato cha tatu. Kwetu ni Muthara, huko Tigania kwa Wameru, ila nasoma bweni upande wa Embu, si mbali na Karurumo. Mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nasema silijui, ili niketi upesi. Maneno yangu yote huishia kwenye daftari ninaloficha ndani ya foronya. Wewe unayesoma sikujui, na labda ndiyo sababu naweza kukuambia.

Kisa chenyewe ni safari fupi tu, jamani. Siku nne!

Chama chetu cha Kiswahili kilialikwa na shule moja ya Unguja, twende tukaghani ngonjera pamoja nao. Tulikuwa kumi na wawili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amevuka mpaka wa Kenya. Siku ya kupanga safari, Mwalimu Nyaga, mlezi wa chama, alichora ubaoni treni, feri na ndege. Ndege yake ilifanana na samaki. Tulicheka mpaka akaifuta na kuichora upya, ya pili ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

"Njia ya kwanza," akasema, "tunapanda treni hadi Mombasa, basi hadi Dar es Salaam, kisha feri hadi Unguja. Tutachoka kama punda, lakini wote kumi na wawili mnaenda. Njia ya pili ni ndege kutoka Nairobi. Saa moja na nusu hivi, mko huko. Lakini mchango tuliopewa hautatosha wote. Njia ya tatu ni treni hadi Mombasa, halafu ndege ndogo. Hiyo nayo itaacha karibu nusu yenu hapa."

Mutwiri akainua mkono. Huyu ni kijana wa Nkubu, Mmeru mwenzangu, mdomo wake haujui kupumzika.

"Mwalimu, siku nne! Tukienda na hiyo treni na basi na feri, si tutafika tu tugeuze? Unguja tutaiona tukiwa dirishani!"

"Heri mimi niione dirishani," rafiki yangu Marigu akamjibu, "kuliko wewe uende uniletee picha yake."

Darasa likapiga makofi. Hata Mutwiri alicheka, akainua mkono kuchagua feri. Mikono kumi na mmoja ilikuwa juu. Wa kumi na mbili ulikuwa wangu. Nikauona ukipanda wenyewe, kwa aibu ya kubaki chini peke yake.

Hapo ndipo ningesema! Neno moja tu. Ningesema, "Mwalimu, mimi naogopa maji," na kila mtu angecheka kidogo, kisha wangesahau.

Sikusema.

Naogopa maji tangu nikiwa na miaka saba. Mto wa kwetu ulinibeba siku moja ya mvua, mjomba akanivuta kwa nywele. Tangu siku hiyo hata karai la kuogea silijazi. Niliposikia feri, niliuona mto ule tena. Niliwaza nikilia mbele ya wavulana. Niliwaza nikitapika, Mutwiri akitunga ngonjera ya matapishi yangu.

Na kwa sababu nimekuja hapa kuwa mkweli, niseme na la pili. Nilitaka ndege. Binamu zangu wa Maua wananiita konokono kwa sababu sisemi. Nilitaka nirudi likizo niwe mtu wa kwanza katika nyumba yetu kukaa ndani ya ndege. Tamaa ndogo kama hiyo! Naona haya kuiandika.

Sasa nikuambie kuhusu Marigu, ndiyo ujue ubaya wangu ni wa kiasi gani.

Hilo si jina lake. Kwao ni Kiritiri, huko Mbeere, kwa joto na mbuzi. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti katika chama chetu. Kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Siku ya kwanza kidato cha kwanza, nilipokuwa nimejificha nyuma ya sanduku langu, ndiye aliyeniletea chai akasema, "Si lazima uongee. Kunywa tu." Tangu siku hiyo tukawa kitu kimoja. Yeye akisema, mimi nikisikiliza.

Jumamosi moja baada ya safari kutangazwa, tukianika nguo, alinisogelea hadi kati ya mashuka.

"Naweza kukuambia kitu na usikiandike kwa hilo daftari lako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Baba yangu ako Unguja."

Sikujua alikuwa na baba! Marigu hakuwahi kumtaja. Akanieleza kwamba baba yake aliondoka yeye akiwa darasa la tatu. Alienda Mombasa kuendesha lori la mchanga, kisha akavuka Unguja kupika kwenye hoteli. Mama yake hataki kusikia jina lake. Lakini Jumapili ya kutembelewa baba alipiga kupitia simu ya binamu aliyekuja shuleni, na Marigu akamwambia habari za safari.

"Amesema atakuwa bandarini. Atasimama pale abiria wanatokea kwa feri. Na unajua nini? Wiki hiyohiyo anaenda Uarabuni, kazi ya mkataba. Hajui kama ni miaka minne ama mitano. Aki, kama si hii safari, sijui ningemwona lini."

"Utamjua?" nikamuuliza.

"Ana kovu hapa kidevuni. Alikatwa na mnyororo wa lori. Yeye ndiye hatanijua!" Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya shuka ya mtu.

Unaona? Nilijua! Nilijua haya yote kabla sijaandika barua. Siwezi kujificha nyuma ya kutojua.

Likizo fupi ikafika, nikaenda nyumbani. Alasiri moja babu alikuwa anaota jua nje ya zizi, akawa anawasimulia wadogo zangu habari za Mbwaa. Kila mtoto wa Kimeru amezisikia. Zamani watu wetu walikuwa watumwa huko Mbwaa, ng'ambo ya maji. Wakatoroka. Maji yakagawanyika, wakavuka kwa miguu, wengine usiku, wengine alfajiri, wengine jua limeshatoka, na ndivyo koo zetu zilivyogawanyika. Babu huisimulia kana kwamba alikuwepo, na miguu yake bado ina tope.

Nikakaa pale na daftari langu, nikasikiliza, na wazo likanijia. Lilikuwa wazo safi, limekamilika kama yai. Nikaliogopa, halafu nikaanza kuliandika.

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzee wa Tigania, na mjukuu wangu anasoma kwako. Watu wetu walitoka Mbwaa kwa kuvuka maji. Siku ile waliapa kwamba hakuna wa damu yao atakayerudi kwa njia ya maji. Atakayerudi, chombo chake hakitafika, na waliomo hawatafika naye. Ndege haina ubaya, maana mguu haugusi maji. Mimi sijui kuandika, nimeandikiwa. Hiki ni kidole changu."

Kuvuka ni kweli ya babu. Kile kiapo nilikitunga mimi, huku yeye mwenyewe akiwa hatua kumi kutoka nilipokaa, akicheka na wajukuu zake! Hata hakujua kwamba nilikuwa nikimwibia.

Nilijiambia nini? Nilijiambia ndege ikichaguliwa, wataenda wachache, lakini Marigu hawezi kuachwa. Ngonjera bila Marigu ni nini? Atamwona tu baba yake, tena mapema. Ndivyo moyo wangu ulivyonidanganya, nami nikaukubali.

Barua niliipeleka kwa mikono yangu miwili, kwa adabu, macho chini. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliisoma mara mbili. Akaniangalia. Akasema, "Pole, mtoto." Pole!

Mkutano wa wazazi ukaitwa. Sisi kumi na wawili tulikaa nyuma. Mwalimu Nyaga akaisoma barua yangu kwa sauti nzito, na hata mimi mwenyewe nywele zikasimama. Alipofika "waliomo hawatafika naye," wazazi wakageuka kututazama kule nyuma.

Mzazi mmoja wa Runyenjes, mwenye beji ya kanisa kifuani, akasimama.

"Mimi nimeokoka," akasema. "Hayo mambo ya giza siyaamini. Lakini mtoto wangu hapandi hicho chombo."

Watu wakacheka, ila kicheko cha kuangaliana. Mwingine akasema, "Si hao wa Meru wabaki, wengine waende?"

"Mzee," mwalimu mkuu akamkata, "huo ni ukabila. Hatutaki kusomwa kwa gazeti. Safari ni ya chama kizima."

"Na hiyo ndege imeruhusiwa?" mzazi mwingine akauliza.

"Barua inasema haina ubaya."

"Kumbe mababu zao waliijua ndege!"

Mutwiri hakuvumilia. "Madam, hata mimi ni Mmeru, na sijawahi kusikia kiapo kama hicho. Mbwaa naijua. Lakini kiapo? Hapana!"

"Wewe ni wa Imenti," mzazi mmoja akamwambia. "Barua ni ya Tigania. Kila nyumba na moto wake."

Mwalimu Nyaga akanigeukia. "Mwenyewe ako hapa. Hebu sema, ni kweli babu yako amesema hivi?"

Macho yote! Nikafungua mdomo. Badala ya maneno yakatoka machozi. Yalikuwa machozi ya kuogopa kukamatwa, lakini wao wakayaona ni ya kuogopa mababu. "Muacheni mtoto," mama mmoja akasema nyuma yangu, akanipigapiga bega.

Ndege ikapitishwa. Na nafasi zikawa tano. Na kwa kuwa hata kwa hizo tano mchango uliokuwepo haukutosha, mwalimu mkuu akasema wataenda ambao wazazi wao wanaweza kuongeza kilichopungua.

Baba yangu anauza miraa, na msimu ulikuwa mzuri. Mkutanoni hakufika wala barua hakuisikia, lakini alituma nyongeza kwa simu siku ileile. Mama yake Marigu alipeleka mbuzi sokoni Kiritiri, wakati wa kiangazi, mbuzi wamebaki mifupa na pembe. Hakuna aliyewaangalia mara mbili. Alirudi nao nyumbani jioni. Nadhani hakujua kwamba alikuwa anawapeleka sokoni ili binti yake akaonane na mtu ambaye yeye hataki kumsikia.

Ngonjera ikaenda bila Marigu. Kumbe inawezekana!

Wanafunzi walinipa jina, wakaniita Mbwaa. Mvua ikinyesha, kidimbwi kikijaa mbele ya bwalo, wavulana walisimama pembeni wakingoja nipite.

"Mbwaa, hapo kuna bahari! Utapita aje?"

"Mwitie ndege!"

Unajua nani aliyekuwa akinitetea? Marigu! Aliwarukia kama kuku mwenye vifaranga. "Mwacheni! Kila mtu ana kwao! Babu yake akisema hapana, yeye afanye nini?" Halafu ananishika mkono, tunapita kidimbwini pamoja. Na mimi naacha anishike.

Siku moja kabla ya kuondoka alinipa karatasi iliyokunjwa.

"Hana simu yake mwenyewe, anaombaomba za watu. Nimejaribu ile namba ya mwisho kwa simu ya Mwalimu Nyaga, haipatikani. Kwa hivyo yeye anajua tunakuja na feri Ijumaa. Atasimama pale tu. Nenda bandarini, tafadhali. Mpe hii. Na umwambie nimekuwa mrefu, asije akanitafuta chini kama mtoto."

"Nitaenda," nikasema. Hilo nilitamka kwa mdomo wangu.

Kwenye ndege nilipewa dirisha. Ndoto yangu! Nilikaa pale nimefunga mkanda, kadi yangu ya manjano ya chanjo mfukoni, na karatasi ya Marigu ndani ya soksi ili isipotee. Kwa muda mrefu niliona mawingu tu. Halafu yakafunguka. Chini kulikuwa na bahari, na juu ya bahari kitu kidogo cheupe kikikata maji, kimeacha mstari nyuma yake.

"Ona feri!" Mutwiri akasema, akinilalia begani. "Tungekuwa mle wote. Saa hii Marigu angekuwa anaimba."

Nikafunga kipazia cha dirisha. Basi hicho ndicho nilichokiona kwenye ndege.

Tulifika Ijumaa mchana. Wenyeji walitupokea kwa maji ya madafu na Kiswahili kitamu, chetu kikaonekana kama kimetengenezwa kwa jembe. Bandari haikuwa mbali. Ningemwambia Mwalimu Nyaga, "Mwalimu, nina ujumbe wa mtu bandarini." Lakini angeuliza mtu gani, ujumbe gani, na mbele ya wageni! Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia kesho.

Jumamosi asubuhi tukaghani. Nikajiambia baada ya chakula.

Baada ya chakula tulikuwa uani tumekaa kwenye mkeka, mlinzi akaja na mwanamume mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri, mfuko wa karatasi mkononi. Kidevuni alikuwa na kovu.

Alikuwa yeye, wallahi! Kiapo hicho nimekiazima kwa wenyeji, sina kingine.

"Hodi, mwalimu," akasema. "Samahani kwa kuwaingilia. Nimeambiwa na kijana wa bandarini kuna wanafunzi wa Kenya wameonekana na masweta kwa joto hili. Nikajua hao ni wa kwetu tu." Akatabasamu, huku macho yake yakipita juu yetu, mmoja baada ya mwingine. Tulikuwa wasichana wawili. Akaangalia wa kwanza. Akaniangalia mimi. Akarudi kwa wa kwanza.

Alikuwa anachagua! Hakujua ni yupi! Alikuwa anangoja mmoja wetu asimame.

"Namtafuta Marigu," akasema mwishowe. "Mimi ni babake."

Mwalimu Nyaga akamkaribisha kwenye kiti, akamweleza kwa upole kwamba Marigu hakuja, kwamba nafasi zilipungua.

"Zilipungua vipi? Aliniambia wote. Aliniambia feri. Jana nimesimama bandarini feri ya saa saba, ya saa kumi, na ya mwisho. Leo asubuhi nikarudi. Kila mtoto mwenye sare nilimwangalia usoni mpaka polisi akaniuliza natafuta nini."

"Tulibadilisha tukaja na ndege," mwalimu akasema. "Kulikuwa na jambo la mila. Wenzetu Wameru wana kiapo, hawavuki bahari kwa chombo."

Yule baba akamtazama. Kisha akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho siku isiyofaa.

"Wameru? Mwalimu, nimeendesha lori Mombasa miaka miwili. Kila alasiri nimevuka Likoni na Wameru! Wamekalia mabunda ya miraa, wanakimbiza mzigo ufike Ukunda kabla haujanyauka. Hao ndio wa kwanza kuingia kwa feri na wa kwanza kutoka! Ni nani aliwaambia hawavuki?"

"Si nilisema!" Mutwiri akaropoka. Halafu akaniona uso wangu, akanyamaza. Mutwiri, akanyamaza!

Baba yangu mwenyewe, ndugu msomaji, ameshavuka Likoni na miraa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilijua. Sikulifikiria tu, kwa sababu sikutaka kulifikiria.

Mwalimu Nyaga alinigeukia polepole. Hakupandisha sauti.

"Nani aliandika ile barua?"

Niliangalia dole gumba langu. Naye akaliangalia.

"Ilikuwa na Kiswahili kizuri sana," akasema. Basi.

Nilimpa baba Marigu ile karatasi. Ilikuwa imelowa jasho la soksi. Aliisoma amesimama, akaikunja ndogo, akaiweka mfuko wa shati.

"Amesema amekuwa mrefu," nikanong'ona.

"Mrefu kiasi gani?"

Nikasimama. Nikapima juu ya kichwa changu, vidole viwili zaidi. Aliutazama mkono wangu pale juu hewani, akautazama, mpaka nikachoka na nikaogopa kuushusha.

"Haya," akasema. "Basi hivi havitamtosha. Lakini mpelekee." Akanipa ule mfuko. "Jumatatu naondoka. Mwambie nilikuja. Mwambie nilisimama."

Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu. Vyekundu, vya ngozi, vina kishikizo pembeni. Ni viatu vya mtoto wa darasa la tatu.

Tuliporudi shuleni Mwalimu Nyaga aliniambia, "Nakupa mpaka mwisho wa wiki umwambie mwenyewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi." Unafikiri nilifanya nini? Niliandika barua! Kurasa tatu, mistari imenyooka. Nikampelekea Marigu kule kwenye kamba za nguo, pamoja na viatu.

Alichukua viatu kwanza. Akavua champali, akajaribu. Kisigino kilibaki nje chote. Akacheka.

"Anadhani bado niko darasa la tatu! Ulimwambia nimekuwa mrefu?"

"Nilimwambia."

"Alisimama wapi?"

"Bandarini. Feri tatu siku ya Ijumaa. Na Jumamosi asubuhi tena."

"Na wewe ulimpata huko?"

Nikamnyoshea barua. Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, na nikaona jambo likimfika polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Sitaki barua," akasema. "Sema."

Nikajaribu. Jamani, nilijaribu! Mdomo ulifunguka ukafungika.

"Sema kwa mdomo!"

"Babu hakuandika," nikasema. "Ni mimi. Niliogopa maji."

Upepo ulikuwa unapiga mashuka. Marigu hakunipiga, hakunitukana. Ningeshukuru angenipiga.

"Uliogopa maji?"

"Ndiyo."

"Ungesema tu hivyo," akasema. "Ningekushika mkono."

Akaviweka viatu juu ya barua yangu, akavisukuma kwangu vyote pamoja. "Kaa navyo. Wewe ndiye ulimwona." Akaokota karai lake akaenda. Jioni ile alihamisha godoro lake, akaenda chumba cha mwisho. Mpaka leo hatujasemezana. Baba yake aliondoka, na ile namba ya simu sasa inajibiwa na mtu mwingine anayesema hamjui.

Niliadhibiwa shuleni, nikatolewa chamani. Hiyo si kitu. Baba alinipeleka kwa babu nikaungame. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aone kidole changu. Akakishika kwa muda mrefu.

"Wale walivuka kwa miguu," akasema, "usiku, na watoto migongoni, na hawakujua kama kuna upande wa pili. Wewe ulipewa chombo na kiti. Ukawachukua waliokufa ukawafanya tikiti yako." Akaniachilia mkono. Sijamsikia akisimulia habari za Mbwaa tena. Wadogo zangu wakimwomba, anasema amesahau.

Basi wewe unayesoma, hasa wewe mnyamavu kama mimi, unayependwa na walimu kwa sababu husumbui mtu: usidhani kunyamaza ni upole. Mimi nilikuwa mnyamavu, na ukimya wangu ulimweka baba wa watu bandarini siku mbili. Ukiogopa treni, sema. Ukiogopa ndege, sema. Ukiogopa maji, sema unaogopa maji, mbele ya watu, na wakucheke. Kicheko huisha kabla ya kengele ya chakula. Usiite wazee wako waliokufa wakusemee uongo, hawawezi kuamka wakukanushe. Na ukiambiwa na rafiki "Nenda bandarini," nenda siku hiyohiyo!

Viatu viko kwenye sanduku langu. Shule ikifungwa navibeba hadi Muthara, ikifunguliwa navirudisha Embu. Kila muhula navipaka kiwi, ili siku Marigu akiviomba avikute viking'aa. Hajaviomba.